Vijana Wachezao Gemu Waiangalie Mikono Yao: Saa Iamue, Si Maumivu

Siku hizi ukipita mitaani jioni utawaona vijana wamekaa kimya barazani, kila mmoja ameinamia simu yake, vidole gumba vikienda mbio kama sindano ya cherehani. Wengine wamo katika vibanda vya gemu, wameshika pedi mbele ya televisheni, wakilipia mchezo mmoja mmoja. Wengine, wale wenye kompyuta nyumbani, hushindana kwa njia ya mtandao na watu wa miji ambayo hawajapata kuiona. Mchezo mmoja huzaa mwingine, na saa nne ya usiku hufika kabla mtu hajajua.

Leo sitauliza kama michezo hiyo ni mizuri au mibaya. Jambo hilo limesemwa sana, na kila nyumba ina desturi yake. Nataka kusema juu ya mkono tu. Kijana anayeumiza kifundo cha mkono kwa mchezo ndiye yule yule atakayeuhitaji mkono huo kwa kuandika mtihani, kushika jembe, kushona nguo, kuendesha pikipiki na kumbeba mtoto wake. Hana mkono wa mchezo na mkono mwingine wa kazi. Ni ule ule mmoja.

Tena neno langu kubwa ni hili: anayecheza asingoje maumivu yamwambie aache. Saa ndiyo imwambie. Kwa nini nasema hivyo? Basi tufuatane.

UGONJWA HUU SI MGENI

Watu wengi hudhani maumivu ya mikono yamekuja pamoja na simu na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1700, katika mji wa Modena huko Italia, daktari aitwaye Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Katika toleo lake la pili la mwaka 1713 aliwataja makarani na waandishi. Alisema taabu yao inatoka katika mambo matatu: kukaa kitako muda mrefu, kuuendesha mkono daima kwa namna ile ile, na kuikaza akili wasije wakakosea. Alimtaja pia mwandishi mmoja aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukachoka, kisha ukapooza. Mtu huyo akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, na wa kushoto nao ukashikwa.

Sisi makarani twaielewa habari hiyo bila kufasiriwa. Lakini mtazame kijana mwenye gemu: amekaa kitako saa nyingi, vidole vyake vinarudia jambo lile lile, na akili yake imekazwa asije akashindwa. Mambo yote matatu ya Ramazzini anayo.

Baada ya makarani wakafuata wapiga simu za maandishi, wale waliogonga kidude kimoja mchana kutwa ili kupeleka habari kwa waya. Mwaka 1908 Uingereza iliuingiza ugonjwa wa mikono yao katika orodha ya magonjwa ya kazi yanayostahili fidia. Halafu ikaja zamu ya wachezaji. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la uganga juu ya mwanamke wa miaka 35 aliyecheza gemu ya Nintendo saa tano mfululizo bila kupumzika, akapatwa na maumivu makali ya kidole gumba. Daktari akauita ugonjwa huo kwa jina la gemu yenyewe. Mtambo ni mpya, lakini mkono ni ule wa zamani.

MKONO ULIVYOUNDWA

Ili tujue namna ya kuulinda, yatupasa kwanza kujua unavyofanya kazi.

Shika kigasha chako cha kulia, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa kushoto. Sasa chezesha vidole vya mkono wa kulia. Unasikia nyama zinavyocheza ndani ya kigasha? Nguvu nyingi za vidole hazimo katika vidole vyenyewe. Zimo huko juu, karibu na kiwiko. Kutoka huko nguvu huvuta kano, ambazo ni kama kamba ngumu, nazo kano hupita katika kifundo cha mkono mpaka kwenye vidole. Kwa hiyo kila mara ubonyezapo kitufe, kamba huteleza ndani ya kifundo, ikienda na kurudi.

Kano hizo zimevikwa ala zenye ute wa kuzilainisha. Mwendo ule ule ukirudiwa mara elfu nyingi bila kupumzika, kano na ala huwashwa, huvimba na kuuma. Upande wa kidole gumba ndio hasa unaopatwa na taabu hiyo kwa watu wa simu na pedi.

Tena upande wa kiganja, ndani ya kifundo, mna njia nyembamba mfano wa handaki dogo. Chini yake ni mifupa, juu yake ni utepe mgumu. Humo hupita kano tisa na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, wote wakibanana. Mahali hapo pakivimba, au kifundo kikikaa kimepindwa muda mrefu, mshipa hubanwa. Ndipo mtu huona ganzi na kuchomwachomwa katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku. Mshipa mwingine hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga wasikia kama umeme unakimbia mpaka kidole cha mwisho. Huo hauvumilii kiwiko kukunjwa sana kwa saa nyingi, wala kuegemezwa juu ya kitu kigumu.

Basi kumbukeni mambo manne yanayouumiza mkono: kurudia, kukaza, kupinda na kutopumzika. Likiwapo moja, mkono waweza kustahimili. Yakikutana yote manne kila siku, ni rahisi uugue.

MCHEZO HUYAFICHA MAUMIVU

Sasa nafika kwenye neno langu. Mtu anayelima akiumwa mkono hujua mara moja, naye hupumzika kivulini. Mchezaji wa gemu je?

Mwaka 2015 madaktari wa Marekani walitoa katika jarida lao habari za mtu mmoja wa miaka 29. Kwa muda wa wiki sita mpaka nane alikuwa akicheza kwenye simu, mchana kutwa, mchezo wa kupanga vitu vinavyofanana vitatu vitatu. Alishika simu kwa mkono wa kushoto akicheza, huku wa kulia ukifanya shughuli nyingine. Mwisho kidole gumba cha kushoto kikamshinda kukiendesha. Walipompima waliona kano ya kidole hicho imekatika, ikabidi apasuliwe. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba alisema hakusikia maumivu wakati wa kucheza. Madaktari wakajiuliza kama mchezo wenyewe ulimpumbaza asisikie.

Swali lao halikuwa la ajabu. Katika mji wa Seattle, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wamekwisha tengeneza mchezo uitwao SnowWorld kwa ajili ya watu walioungua moto. Mgonjwa huvaa kifaa machoni, akajiona yupo katika nchi ya barafu, akatupa mipira ya theluji, na huku majeraha yake yanasafishwa. Wagonjwa walisema maumivu yalipungua, kwa kuwa akili ilikuwa mahali pengine.

Mnaona, ndugu zangu? Nguvu ile ile inayomfariji aliyeungua ndiyo inayomdanganya mchezaji. Akili imekwenda vitani au uwanjani, na mkono umebaki peke yake, unaita lakini hapana anayesikia. Kijana atakwambia, “Siumwi.” Naye anasema kweli. Kesho asubuhi, wakati wa kufunga vifungo vya shati, ndipo atakapoumwa.

Tena hata wakiumwa hawasemi. Mwaka 2019 lilitolewa shauri la watafiti waliowauliza wachezaji 65 wa timu za vyuo vikuu vya Marekani na Kanada. Katika kila mia, 36 walisema wanaumwa kifundo cha mkono na 32 wanaumwa kiganja. Lakini waliokwenda kwa daktari walikuwa wawili tu katika mia.

Na wale wanaoufanya mchezo kuwa kazi ya mshahara hawakusalimika. Lee Young-ho wa Korea Kusini, bingwa wa gemu ya StarCraft, alipasuliwa mkono wake wa kulia mwaka 2011. Hai Lam wa Marekani, kiongozi wa timu ya Cloud9 katika gemu ya League of Legends, aliacha kuichezea timu yake mwaka 2015, na kifundo cha mkono kilikuwa sababu mojawapo. Thomas Paparatto, naye wa Marekani, aliachana na mashindano ya Call of Duty mwaka 2021 kwa sababu ya kidole gumba na kifundo. Hao walikuwa na viti vizuri na makocha. Sembuse kijana wetu aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa?

KANUNI YA SAA

Kwa kuwa maumivu hayaaminiki, tuiamini saa.

Kwanza, kila baada ya nusu saa hivi mchezaji aweke simu au pedi chini, asimame, atembee dakika mbili au tatu, anywe maji. Baada ya saa nzima apumzike dakika kumi. Na kupumzika si kuacha gemu ili aandike ujumbe kwenye simu ile ile. Vidole ni vile vile, na kazi ni ile ile.

Najua vijana watanijibu: “Gemu ya mtandaoni haisimamishwi. Nikiondoka katikati nawaangusha wenzangu.” Jibu ni la haki. Basi mapumziko yawe kati ya mchezo na mchezo. Mchezo ukiisha, usibonyeze mara ile kutafuta mwingine. Weka chini kwanza. Tena ndani ya mchezo wenyewe mna nafasi ndogondogo: unapongoja wapinzani wapatikane, unapongoja kurudi mchezoni baada ya kuuawa, mpira unapokuwa umetoka. Nafasi hizo wengi huzipoteza kwa kubonyeza bure. Wewe achia, shusha mikono ining'inie, itikise kidogo. Nusu dakika inatosha kuipa damu njia.

Pili, usiongeze saa ghafula. Likizo ya shule inapoanza, au mashindano yanapokaribia, kijana aliyezoea saa moja hucheza saa sita kwa siku. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mkono huzoea kazi polepole, kama vile mkimbiaji asivyoanza na mbio ndefu siku ya kwanza. Ongeza kidogo kidogo, na katika juma iwepo siku moja nzima ya kuuacha mkono upumzike.

Tatu, ukiwa mahali penye baridi, pasha mikono moto kabla ya kuanza. Isugue, au ioshe kwa maji ya vuguvugu. Mikono yenye baridi ni mizito, na mzito hukaza kupita kiasi.

NAMNA YA KUKAA NA KUSHIKA

Kwa mwenye kompyuta: kaa juu ya kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zifike chini. Kama kiti ni kirefu, weka tofali au kisanduku chini ya miguu. Mabega yalegee, viwiko vikae karibu na mbavu, vikiwa vimekunjwa kiasi cha pembe mraba au wazi kidogo zaidi. Kifundo kinyooke sawa na kigasha, kisipinde juu, wala chini, wala upande. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vinavyoiinua yafaa vikunjwe, maana hukilazimisha kifundo kupinda. Ukingo mkali wa meza usikate mkono wako. Ukunjie kitambaa. Kioo kiwe mbali kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu ulingane na macho.

Kipanya kishikwe kama mtu ashikavyo yai: lisianguke, wala lisivunjike. Tena kasi ya mshale ikiwa kubwa mno, mchezaji hucheza kwa kupindapinda kifundo tu. Apunguze kasi kidogo, ndipo atakapokisogeza kipanya kwa kigasha chote kutoka kiwikoni. Nyama za huko juu ni kubwa, nazo zina nguvu kuliko zile za chini.

Kwa mwenye pedi: usiishike hewani. Weka mikono juu ya mapaja au juu ya mto uliowekwa mapajani. Katika mchezo wa hatari watu hubana pedi kana kwamba itanyang'anywa, na kidole gumba hukandamiza kitufe kwa nguvu kuliko inayohitajika. Kitufe hakijui hasira yako. Kikiguswa kidogo kitafanya kazi ile ile. Kila mchezo ukianza, jiulize, “Nimekaza?” Kisha legeza.

Kwa mwenye simu, naye ndiye wengi wetu: cheza kwa mikono miwili, usishike na kucheza kwa mkono mmoja. Ukiweza, simamisha simu mezani kwa kuiegemeza juu ya kitabu kizito au kishikio, ili vidole vicheze bila kubeba. Gemu nyingi za vita huruhusu kuhamisha vitufe kwenye kioo, basi visogeze karibu na vidole ili kidole gumba kisinyooke mpaka mwisho kila mara. Badilisha pia vidole: pale panapowezekana tumia kidole cha shahada badala ya gumba. Usicheze umelala ubavu na kiwiko kimekunjwa chini ya kichwa, maana ule mshipa wa nyuma ya kiwiko haupendi jambo hilo.

MAZOEZI MACHACHE

Haya yafanyike kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko. Hayahitaji fedha wala chombo, na hayazidi dakika tatu.

La kwanza: kunja ngumi polepole, kisha fungua vidole vyote vitanuke. Mara kumi.

La pili: nyosha mkono mbele, kiganja kitazame juu. Kwa mkono mwingine vuta vidole taratibu kuelekea chini mpaka usikie kigasha kinavutika. Hesabu mpaka kumi na tano. Kisha geuza kiganja kitazame chini, sukuma mgongo wa kiganja taratibu kuelekea chini, uhesabu tena. Fanya hivyo kwa mikono yote miwili.

La tatu: inua mabega mpaka karibu na masikio, yazungushe nyuma, yashushe. Mara kumi. Maumivu mengine ya mkono huanzia bega na shingo iliyoinama.

Angalieni: kuvutika ni sawa, kuumwa si sawa. Ukisikia maumivu, acha.

Na ili mkono uwe na nguvu ya kustahimili, mara tatu kwa juma chukua chupa ya maji ya nusu lita. Weka kigasha juu ya meza, kiganja kitokeze nje ya ukingo, inua chupa na kuishusha polepole kwa kifundo mara kumi na tano. Halafu funga ukanda mwembamba wa mpira kuzunguka vidole vyote vitano na uvitanue dhidi ya mpira huo. Vidole vya mchezaji hujua kufunga tu, havijui kufungua. Zoezi hilo huvirudishia usawa.

HESABU KAZI YOTE YA MKONO

Tumfikirie kijana mmoja, tumwite Yohana. Asubuhi ameandika darasani. Mchana amefua sare yake na kuikamua. Jioni amechota maji na kukata majani ya ng'ombe. Usiku amejibu ujumbe wa rafiki zake, kisha akacheza saa tatu. Mama yake anasema, “Saa tatu za mchezo si nyingi.” Lakini mkono hauhesabu kama mama. Wenyewe umefanya kazi tangu asubuhi, na saa tatu zile ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo siku ya kazi nyingi ya mikono, mchezo uwe mfupi. Na usingizi usiibwe. Kano na nyama hujitengeneza wakati wa kulala. Anayecheza mpaka saa nane za usiku huunyima mkono wake fundi wa kuutengeneza.

DALILI NA LA KUFANYA

Ukiona mkono umechoka tu na ukapona baada ya kulala, ni onyo dogo. Punguza. Lakini ukiona maumivu yamepita siku mbili au tatu, au uvimbe, au ganzi inayokuamsha usiku, au vidole vinavyochomwachomwa, au vikombe vinavyokuponyoka, au kidole kinachokwama, hilo si jambo la kuvumilia kiume. Acha kucheza, uende kwenye zahanati au hospitali. Mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu waweza kudhoofisha nyama za kiganja, na nyama zikikonda si rahisi kurudi.

Wakati wa kungoja matibabu, upumzishe mkono. Kama pamevimba, weka kitambaa chenye maji ya baridi kwa dakika kumi au kumi na tano. Barafu isiguse ngozi wazi. Usikandwe wala kuvutwa kwa nguvu na mtu asiyejua. Na zaidi ya yote, usimeze dawa ya maumivu ili upate kuendelea kucheza. Mchezo umekwisha kukupumbaza mara moja, nawe wajipumbaza mara ya pili.

Daktari akikuuliza unafanya kazi gani, usione haya kumwambia saa unazocheza. Akiambiwa kwamba hujui ulikoumia, atatibu kwa kubahatisha.

NENO KWA WAZAZI NA WENYE VIBANDA

Wazazi, kumnyang'anya mtoto simu katikati ya mchezo huleta ugomvi, wala hakumfundishi kuutunza mkono. Afadhali mkubaliane kabla: michezo mingapi, na mapumziko lini. Tundika saa ya ukutani mahali anapoiona, au mwache aweke kengele katika simu yake mwenyewe. Mwulize si tu “Umeacha saa ngapi?” bali pia “Mkono waonaje asubuhi hii?” Swali la asubuhi ndilo lenye jibu la kweli, maana asubuhi mchezo haupo tena wa kuyaficha maumivu.

Nanyi wenye vibanda, mnapata riziki kwa mikono ya vijana hao. Wekeni viti vyenye mgongo badala ya ndoo, na televisheni isiwe juu mno karibu na dari. Tena msimruhusu mtoto mmoja kucheza mfululizo mchana kutwa kwa kuwa tu ana fedha. Zamu zikibadilishana, wengi watacheza na mikono itapumzika.

Nanyi vijana, sikuandika haya ili kuwaharibia furaha. Mchezaji hodari si yule anayecheza saa nyingi kuliko wenzake usiku mmoja, bali yule ambaye baada ya miaka kumi bado anaweza kucheza akitaka, na kuandika, na kulima, na kupiga gitaa. Leo jioni kabla hamjaanza, itazameni saa. Nusu saa ikitimia, wekeni chini, msimame, hata kama hamwumwi. Hasa kama hamwumwi.